Kanuni ya Visigino

Niliamriwa kutetea. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii watu hudhani nilijitolea, hunisifu kwa moyo wa huruma, nami hunyamaza na kuivaa ile sifa kama mtu aliyeokota kofia ya mwenziwe ikamkaa vizuri. Sikujitolea. Karatasi ililetwa mezani kwangu: Kapteni Maginga atamtetea Koplo Tungaraza. Chini yake palikuwa na sahihi ya Kanali. Ni Kanali huyohuyo aliyeamuru Koplo akamatwe, na ni huyohuyo ambaye angekaa kiti cha kati kumhukumu. Kambini kwetu hakuna aliyeshangaa. Mkono uliokufunga kamba ndio unaokutafutia mtu wa kukufungua, halafu unakaa pembeni kumtazama anavyohangaika na fundo.

Kambi haina jina. Miaka niliyoitumikia siijui, kwa sababu huku saa haitoki ukutani, inatoka kwenye tarumbeta. Likilia la kwanza ni asubuhi. Likilia la mwisho siku imekwisha, na jua linaruhusiwa kuzama. Zamani nilidhani huo ni mzaha wa kuwatania makuruta. Kisha mpiga tarumbeta akafa. Alianguka saa kumi alasiri akifunga kamba za buti, tarumbeta likiwa juu ya kitanda, na jua likakwama pale lilipokuwa, juu ya paa la ghala, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Tulikula, tukalala, tukaamka, tukanyoa ndevu, tukala tena. Saa kumi. Kuku wa jikoni walilala kwa zamu. Tuliandika makao makuu kuomba mpiga tarumbeta mwingine, wakajibu kwamba ombi letu limepokelewa leo na litashughulikiwa kesho.

Hapo ndipo Koplo Tungaraza alipoponzeka. Alikuwa lindoni, kwenye mlango wa ghala, na mkataba wake wa miaka kumi na miwili ulikuwa unamalizika mwisho wa siku hiyo. Mtu wa kumpokea zamu hakuja, kwa kuwa zamu nazo hubadilishwa kwa tarumbeta. Alisimama. Aliletewa chakula, akala amesimama. Alisinzia ameegemea mlango, akaamka, jua lipo palepale. Mwishowe aliegemeza bunduki ukutani, akaivika kofia yake, akavua mkanda akaukunja vizuri, akaenda kwao. Walimkuta jikoni kwa dada yake, anamenya viazi. Shtaka likaandikwa: kutoroka lindo mbele ya adui. Adui huyo hatujamwona hata mara moja, lakini yumo katika kila karatasi yetu, na adhabu ya kumpa mgongo ni kupigwa risasi.

Nilimkuta mahabusu amekaa wima kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. Aliponiona akaruka juu.

"Kaa, Koplo. Kwa nini uliondoka?"

"Nilihesabu ndevu, afande." Alijigusa kifuani. "Zilipofika hapa nikasema, hata kama jua halijui, kidevu kinajua. Kazi ya watu nimeimaliza. Mtu akimaliza kazi huaga. Wa kumuaga sikumwona, nikauaga mlango."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, mlango, baki salama. Nilikosea, afande?"

 Nilifungua faili ili nisimtazame usoni.

Sheria zetu zina kanuni moja ya zamani ambayo wanasheria huipita haraka, kwa kuwa ni fupi na haina adabu. Inasema hivi: ukizuka ubishi kama mtu ni askari au ni raia, karatasi ziwekwe kando, maana karatasi huandikwa na watu, mtu huyo aamriwe mara tatu na visigino vyake vitazamwe. Vikigongana ni askari. Visipogongana ni raia, na mahakama ya jeshi haina mamlaka juu yake hata ya kumuuliza jina. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ofisini. Koplo hakuhitaji shahidi wala machozi. Alihitaji kusimama mbele ya Kanali asikie "mguu sawa", na asifanye kitu.

Asifanye kitu. Nani hajawahi kufanya hilo? Mbuzi hulifanya. Mawe hulifanya tangu dunia iumbwe, tena bila mafunzo.

Tulianza palepale mahabusu. Nilimsimamisha mbele yangu, miguu imeachana, nikamwambia asitikisike hata nikisema nini. Akaitikia. Nikavuta pumzi. "Mguu... sawa!" Visigino vikagongana hata sijafunga mdomo. Nikarudia, vikagongana. Nikanong'ona, vikagongana. Mara ya ishirini alikaa chini akafunika uso.

"Si mimi, afande," alisema. "Haki ya Mungu si mimi. Mimi nilikuwa nimeshakataa."

Maneno hayo yaliniharibia usingizi, na usingizi wenyewe wa kulala jua likiwa jichoni ulikuwa wa kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeshakataa. Basi aliyekubali ni nani? Kati ya amri na kisigino kuna nafasi, lazima iwepo, hata iwe nyembamba kama ukingo wa wembe. Katika nafasi hiyo tuliambiwa anakaa mtu, mwenye jina na mama, anayepima na kuchagua. Nimeingia humo kumtafuta. Nimemkuta mwalimu wa gwaride amekaa kwenye kiti chake, anakunywa chai. Kwa hiyo mwenye nyumba amehamia wapi? Na kama hayumo, tunapomshtaki mtu kwamba alikataa amri, tunamshtaki nani? Na tunapomsifu kwamba alitii? Nauliza tu. Kuuliza ndiko pekee ambako hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwa hesabu ya moja, mbili, moja, mbili.

Samaki mkunje angali mbichi, na jeshi hukunja wabichi tu. Koplo alikunjwa akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilitaka kumnyoosha akiwa mkavu, bila kumvunja, na sikuwa na chombo chochote isipokuwa yale mawili niliyoyaona kwake: kidevu chake na viazi. Nikamwambia, nikiamuru, mikono yako imenye. Shika kiazi ambacho hakipo, shika kisu ambacho hakipo, menya taratibu ganda lisikatike, ukimaliza kimoja chukua kingine. Mtu anayemenya viazi hawezi kusimama mguu sawa, miili miwili haikai mahali pamoja. Alinitazama akidhani nimepagawa, kisha akajaribu. Kiazi cha nne, nikaamuru. Visigino vikashtuka, lakini havikufika. Cha tisa, nikapiga kelele mpaka mlinzi mlangoni akasimama mguu sawa huko nje. Koplo alikuwa anamenya.

Tulikumbatiana kama watoto. Sioni aibu kuisema. Nilimpenda mtu yule.

Tuliendelea kwa milo mingi. Mara nyingine sikujua ni nani kati yetu amekuja kumwona mwenziwe. Mlinzi aliwahi kumfungulia Koplo akanifungia mimi, akaomba radhi, akasema wote wawili tulikuwa tumekaa vilevile. Ilikuwa baada ya hilo Koplo aliponiuliza, "Na wewe, afande? Pale mahakamani utasimama kulia kwangu. Wakiamuru, wewe hutashtuka?"

Ni desturi kweli. Mtetezi husimama kulia kwa mshtakiwa. Kulia ni mahali pa kiongozi wa mstari. Askari tangu siku ya kwanza hufundishwa kumfuata mtu wa kulia kwake, kumtazama kwa pembe ya jicho, kwenda anavyokwenda.

"Mimi siamriwi, mimi natetea," nilisema nikicheka. "Haya, nijaribu."

Koplo akajikohoza. "Mguu... sawa!"

Visigino vyangu vilitulia kama vya maiti. Akaamuru tena, kwa sauti, nami nikawa najikuna shingo. Tukacheka sana. Nikajiona mtu huru kuliko wote mle kambini, nikaenda zangu kula.

Nisomee sasa kosa hilo, wewe msomaji ambaye hukuwahi kuvaa buti. Hutaliona. Askari yeyote atakuwa ameshashika kichwa. Koplo kumwamuru kapteni! Visigino vina macho, navyo husoma cheo kabla ya kusikia neno. Nilijipima kwa mizani ambayo isingeweza kuninyanyua, nikaridhika.

Dada yake aliitwa Nyamizi. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Raia hawaruhusiwi kuingia, hivyo alikuwa amekaa nje ya geti juu ya debe lililopinduliwa, na alikuwa amemletea Koplo shati la kiraia la kuvaa mahakamani, jeupe lenye mistari ya buluu, alilolishona mwenyewe.

"Baba, hii siku yenu itaisha lini?" aliniuliza.

"Tarumbeta likilia, mama. Likilia tu, mkataba wake unakuwa umekwisha, hata bila mimi."

"Na lisipolia?"

"Ndiyo maana nipo."

 Hakuonekana kufarijika.

Shati halikumtosha. Alikuwa amemwona jikoni kwake, lakini alilishona kwa kipimo cha kijana aliyemwona akiondoka, miaka kumi na tisa, kifua chembamba. Koplo alilivaa hivyohivyo, akafunga vifungo vitatu kwa shida, cha nne kikagoma. "Hajui kwamba nimekua," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika, si na dada yake.

Mahakama ilikuwa bwalo la chakula, meza zimefutwa. Kanali alikaa katikati. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akifoka, na ana tabia ya kunyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Mwendesha mashtaka alikuwa Meja Shekiondo, rafiki yangu tangu ukuruta, aliyenikonyeza nilipoingia. Jua la saa kumi lilipita dirishani likalala juu ya meza yao.

Nilizungumza vizuri. Nilisema mtu ana siku zake mwilini, katika ndevu na njaa na usingizi, wala hakuna jeshi linaloweza kumzuilia jana isipite. Nikamalizia, "Waheshimiwa, jogoo awike asiwike, kutakucha."

"Huko uraiani," alisema Meja Shekiondo bila kuinuka. "Hapa jogoo yumo kwenye orodha ya vifaa."

Bwalo lilicheka. Hata mimi nilitabasamu. Kanali akanyoosha karatasi.

"Kapteni, unadai mtu huyu ni raia."

"Naam, afande. Naomba Kanuni ya Visigino."

"Umeipata." Alisema kwa upole, kama mtu anayempitishia mwenzake chumvi. Akainuka. Sisi wawili tulikuwa tumesimama mbele yake, mimi kulia, Koplo kushoto, miguu imeachana. Nikamsikia Koplo akianza kupumua polepole. Kwa pembe ya jicho niliona mikono yake ikishika kiazi.

"Mguu... sawa!"

Sauti ya Kanali kwenye amri haikuwa ile ya kuzungumza. Vijiko vililia jikoni. Maafisa wote kwenye meza walinyooka vitini. Koplo aligeuza kiazi, akaendelea. Mimi pia nilikuwa nimesimama, sijui kwa nguvu gani. Jasho lilinitoka magotini, mahali ambapo sikujua kwamba hutoka jasho.

"Mguu... sawa!"

Ganda halikukatika. Nikasema moyoni, kimoja, Tungaraza, bado kimoja tu, mwanangu, menya, twende nyumbani. Furaha ilinipanda hadi kooni. Meja Shekiondo alikuwa ameacha kutabasamu.

 Kanali alitazama mikono ya Koplo, akaielewa. Kisha hakumtazama Koplo tena. Alinitazama mimi. Hakukuwa na chuki machoni mwake. Alinitazama kama mtu anayetazama kitasa ambacho amekifunga na kukifungua miaka mingi.

"Mguu," alisema, taratibu kabisa, "sawa."

Mlio ulikuwa mmoja, wa visigino viwili vya ngozi nzuri. Ulikuwa wangu. Mimi nilikuwa nimeshakataa. Nilikuwa nimekataa kwa akili yangu yote na moyo wangu wote, na huku nakataa nikajiona nimesimama kidevu juu, mikono mapajani. Koplo alinitupia jicho la pembeni. Mtu wa kulia kwake amekwenda. Mikono yake ikaachia kiazi, kifua kikapanda, visigino vikagongana, na kifungo cha pili cha shati kikaruka, kikabingirika sakafuni mpaka chini ya meza ya Kanali.

"Afande, cha kwanza kilikuwa changu!" nilisema, bado nimesimama mguu sawa, maana hakuna aliyenilegeza. "Mshtakiwa amenifuata mimi. Nilimtangulia!"

"Kanuni haiulizi nani alitangulia," alisema Kanali, akikaa. "Inatazama visigino." Akanyoosha karatasi yake. "Mshtakiwa ni askari. Siku haijaisha, lindo aliliacha. Atapigwa risasi kwenye ukuta wa ghala, katika mlio wa mwisho wa tarumbeta la kufunga siku hii, ili asitoke mikononi mwetu akiwa na deni la utii."

"Hatuna mpiga tarumbeta, afande."

"Tunaye. Alifika zamani. Tulimwambia angoje kesi iishe." Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo sitaisahau. "Mguu pande, Kapteni. Umefanya kazi nzuri."

Nilimkuta Koplo analivua shati. Alilikunja kama alivyokunja mkanda siku ile.

"Mrudishie dada. Mwambie kifungo sikukipoteza kwa makusudi."

"Tungaraza, mimi ndiye..."

"Ulitangulia, nikafuata," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Ungebaki, ningebaki, afande." Hakusema kwa kunilaumu. Ningeomba anilaumu, lakini angehitaji ruhusa yangu.

Nililibeba shati begani hadi getini. Kutoka pale hadi ukuta wa ghala ni hatua sitini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Nyamizi aliinuka kwenye debe lake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanitoka yote.

"Wamemwachia?" aliuliza. Akaliona shati. "Mbona umerudi na shati?"

"Mama, mimi..."

Ndipo tarumbeta lilipolia.

Ni wimbo mrefu, una vifungu vinne, na wakati wote unapopigwa kila askari husimama mguu sawa alipo, mwenye ndoo na ndoo yake, mwenye kijiko na kijiko chake. Niligeukia ghala, linakotoka tarumbeta, nikanyooka. Mlinzi wa geti alinyooka. Kwa mbali, ukutani, niliona mstari wa watu sita wenye bunduki nao umenyooka, na mbele yao mtu asiye na shati. Jua likatikisika juu ya paa.

Uso wa Nyamizi ulifunguka. "Si ndilo hili?" alisema. "Baba, si ndilo uliloniambia? Linalia! Siku inaisha! Mkataba si umekwisha?" Alinishika mkono. "Nenda ukawaambie! Wewe si mtetezi wake? Nenda!"

Kifungu cha kwanza kikaisha. Nilikuwa nimekataa. Nataka uniamini: nilikuwa nimeshakimbia, nimeshafika, nimeshasimama mbele ya zile bunduki na kupiga kelele kwamba huyu sasa ni raia. Yote hayo niliyafanya mahali ambapo mimi nipo. Visigino vilikuwa pamoja.

Alinivuta mkono mara mbili, akautikisa, haukutoka pajani. Akanitazama usoni, kisha miguuni, akaelewa haraka kuliko mahakama nzima. Aliuachia. Akalinyakua shati begani kwangu, akapita getini mbio.

Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia? Kambi nzima ilikuwa imeganda, na mama yule wa watu, kanga imemfunguka, alikuwa kiumbe pekee anayetembea kwa miguu yake mwenyewe chini ya lile jua. Alipita katikati ya askari waliosimama kama nguzo. "Tunga!" alikuwa anaita. "Tunga! Umemaliza! Njoo nyumbani, umemaliza!" Kifungu cha pili. Cha tatu. Niliruhusiwa kutazama mbele tu, na yeye alikuwa mbele, nikahesabu hatua zake. Thelathini. Arobaini. Koplo alikuwa amegeuza kichwa kumtazama, kosa la gwaride, na mikono yake, naapa, ilikuwa inamenya.

Hamsini na mbili.

Tarumbeta lilifika mwisho. Bunduki zikalia kwa pamoja, jua likazama mara moja, na visigino vyangu vikaachana vyenyewe, nikawa huru kwenda.